Mshauri Asiyeonekana: Vijana Wetu na Majonzi Wanayopeleka Mtandaoni

Ndugu wasikilizaji, wanajeshi, askari polisi na askari magereza, mlioko zamuni na mlioko majumbani, maoni yetu ya leo yanahusu jambo ambalo halipigi baragumu linapoingia kambini.

Kijana wa miaka 14, 15 au 16 hushikwa na huzuni isiyomwondokea. Usingizi humpaa, masomo hayamwingii, na moyoni hujiona hana thamani mbele ya watu. Hamwambii baba, hamwambii mama, hamwambii mwalimu, wala padri, wala shehe. Usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, huchukua simu na kuandika kwa vidole swali ambalo ulimi wake umeshindwa kulitamka. Huuliza kwa nini analia bila sababu, na pengine huuliza mtu afanye nini akichoka kuishi. Ng'ambo ya pili kuna mtu asiyemjua, au mashine isiyo mtu kabisa, na hiyo humjibu papo hapo.

Wako wazazi wasemao kwamba kosa ni la simu, na kwamba ikinyang'anywa ugonjwa utakuwa umekwisha. Wako na wengine wasemao kwamba hayo ndiyo maendeleo, waachwe. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeruka swali la kwanza, nalo ni hili: ni kitu gani nyumbani kilichomfanya mtoto aone ni rahisi zaidi kumwamini mgeni kuliko mzazi wake? Asiyelijibu swali hilo hataweza kumlinda mtoto wake, hata akizivunja simu zote za kambi.

Kwanza yafaa tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, kambi yenye vijana 70 wa umri huo yaweza kuwa na 10 walioguswa na taabu ya namna hiyo. Sensa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba Uganda ina watu takriban milioni 45.9, na karibu nusu yao hawajafika umri wa miaka 18. Hapana budi basi tukubali kwamba hatuzungumzi juu ya watoto wachache wenye tabia dhaifu. Sonona, yaani ule unyonge wa moyo usiokwisha, ni maradhi kama yalivyo malaria. Humpata mwana wa mkuu wa kikosi na humpata mwana wa kuruta.

Sasa tutazame ni kwa nini mtandao humvuta kijana mwenye taabu hiyo. Sababu ya kwanza ni kwamba mtandaoni hana jina. Aweza kuuliza jambo la aibu kuliko yote, na kesho akapita uwanjani bila mtu kumnyooshea kidole. Ya pili ni kwamba mtandao haulali, na huzuni aghalabu huzidi usiku. Ya tatu ni kwamba mtandao haukemei. Haumwambii kwamba wakati wa baba yake watoto walitembea kilomita kumi kwenda shule na hawakulia. Ya nne ni aibu ya hospitali, na hapo yafaa tutoe mfano wa hapa kwetu Luzira.

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Maradhi ya Akili iko Butabika, jirani kabisa na Luzira, katika tarafa hiyohiyo ya Nakawa. Ilifunguliwa mwaka 1955, na wagonjwa huletwa huko kutoka kila pembe ya nchi. Kijana anayeishi katika nyumba za askari magereza wa Luzira yuko karibu na waganga wa akili kuliko karibu kila kijana mwingine wa Uganda. Lakini neno Butabika, katika vinywa vya watu wa Kampala, limegeuzwa kuwa tusi. Mtu akikosea hesabu dukani huulizwa kama ametoroka Butabika. Mtoto aliyekua akisikia mzaha huo hawezi kumwambia baba yake, "Nipeleke huko." Huona ni afadhali kumwuliza mtu wa bara jingine, maana umbali wa maili elfu nyingi ni mfupi kuliko aibu ya mwendo wa dakika chache.

Ndugu wasikilizaji, desturi ya kijana kumwendea mtu wa nje na siri yake haikuanza na intaneti. Wazee wetu waliijua na waliipangia mahali pake. Katika Buganda, binti alikuwa na ssenga, yaani shangazi yake wa upande wa baba, ambaye kazi yake ilikuwa kumfunza na kumsikiliza katika mambo asiyoweza kumwambia mama. Makabila mengine yalikuwa na babu, bibi au mjomba wa kazi hiyo. Wazee waliona mbali: walifahamu kwamba mzazi ndiye hakimu wa nyumba, na si rahisi mshtakiwa kumfanya hakimu kuwa msiri wake.

Baadaye, jamaa zilipotawanyika mijini na makambini, kazi hiyo ilichukuliwa na karatasi. Mwaka 1993 lilianza kutolewa gazeti la vijana liitwalo Straight Talk, likasambazwa pamoja na gazeti la New Vision na kupelekwa mashuleni. Vijana waliliandikia barua, wakauliza juu ya mapenzi, juu ya mabadiliko ya mwili, juu ya woga na upweke. Mwaka 2011 ukaja mpango wa U-Report ulioanzishwa hapa Uganda na UNICEF, ambapo kijana aliweza kutuma maoni na maswali yake kwa ujumbe wa simu bila malipo. Mpango huo umeigwa na nchi nyingi za dunia. Hivyo swali la kijana ni lilelile la tangu zamani. Kilichobadilika ni mlango anaoupigia hodi, na kwamba nyuma ya mlango wa leo hatujui amekaa nani.

Maisha ya kambini yana uzito wake katika jambo hili, na ni vema tuuseme wazi. Mtumishi wa jeshi au polisi huhamishwa, na kila uhamisho humng'oa mtoto kwa rafiki zake. Baba huenda katika operesheni miezi mingi. Tangu Machi 2007, askari wetu walipoanza kuingia Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, watoto wengi wamekua wakiijua sauti ya baba kuliko uso wake. Nyumba nazo hazina faragha. Wengi wenu mnavijua vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo askari wenyewe walivipa jina la "mama ingia pole". Katika chumba kimoja cha namna hiyo, wenye kulala watano, mtoto atalia wapi asisikike? Tena nidhamu ya kazi humfuata askari hadi mezani. Aliyeshinda akitoa na kupokea amri huwa mzito kupokea swali jioni. Amri hulinda maisha ya watu vitani, lakini huzuni haitii amri. Hakuna mtoto aliyepona kwa kuambiwa, "Acha kulia, wewe ni mtoto wa askari."

Halafu yakaja masaibu ya Korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Muda huo wa miezi ipatayo 22 ulikuwa mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Mamilioni ya wanafunzi walikaa nyumbani, mbali na mwalimu, mbali na rafiki, mbali na kanisa na msikiti. Kwa wengi wao simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa darasa, kiwanja na rafiki. Tusistaajabu basi kwamba kizazi hicho kilizoea kuuliza simu.

Haki yatulazimu kusema kwamba si kila kinachopatikana humo ni kibaya. Yapo maelezo ya waganga yanayomweleza kijana kwamba taabu yake ina jina na ina dawa. Wapo vijana wenzake waliopitia shida hiyo wakapona, na kusoma habari zao humwondolea ile fikira kwamba yuko peke yake ulimwenguni. Hilo pekee limewatuliza wengi. Mzazi anayekataa jambo hili atamfanya mwanawe aone kwamba mzazi hajui anachokisema, na tangu siku hiyo hatamsikiliza tena.

Hata hivyo, hatari zipo, nasi tutazitaja tatu. Ya kwanza imo katika namna mitandao inavyofanya kazi. Mashine za kampuni hizo hupima kijana amekaa muda gani juu ya picha au maneno fulani, kisha humletea mengine ya mfano huo, kwa sababu kampuni hupata fedha za matangazo kadiri watu wanavyokaa. Kijana akitazama jambo la kuchekesha, ataletewa vichekesho. Akitazama jambo la kukata tamaa, ataletewa kukata tamaa, kesho na keshokutwa, hadi aone dunia yote imevaa kaniki. Huko Uingereza, binti wa miaka 14 alikufa mwaka 2017 kwa kujidhuru; mnamo Septemba 2022 afisa wa kuchunguza vifo mjini London alitamka kwamba mambo aliyokuwa akiyaona katika mitandao yalichangia kifo chake.

Hatari ya pili ni mashine zinazoongea, yaani programu za akili bandia, au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata. Hujibu kwa upole, tena kwa lugha nzuri, nao upole huo ndio mtego. Mashine hiyo haimwoni mtoto kama amekonda, haijui kama hakula tangu jana, na haiwezi kuvuka uwanja kwenda kumwamsha mama yake. Mara nyingi huelekea kukubaliana na msemaji, na mwenye fikira za giza hahitaji wa kukubaliana naye. Agosti 2025, katika jimbo la California huko Marekani, wazazi wa kijana wa miaka 16 aliyejiua waliishtaki kampuni ya OpenAI, wenye programu hiyo. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini kampuni yenyewe ilieleza mwezi huohuo kwamba kinga zilizowekwa huweza kulegea mazungumzo yanapokuwa marefu, na kijana mwenye huzuni ndiye hasa mwenye mazungumzo marefu.

Hatari ya tatu ni binadamu mwenye nia mbaya. Hujifanya rafiki au mshauri, husikiliza wiki mbili au tatu, kisha huomba picha. Akiisha kuipata, hugeuka na kudai fedha, au kudai mengine mabaya zaidi. Ndugu polisi, mnalifahamu jambo hili vizuri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inawagusa watu hao, na Idara ya Ulinzi wa Watoto na Familia ya jeshi la polisi ipo kwa ajili ya watoto kama hao. Lakini mtoto anayetishwa atakuja kituoni tu ikiwa anaamini kwamba hatacheka mtu, wala kofi halitatangulia jalada.

Kwa kuwa hatari ni hizo, wengine huuliza kwa nini mlango usifungwe kabisa. Serikali ya Australia imejaribu: kwa sheria iliyopitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, walio chini ya miaka 16 wamekatazwa kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Matokeo yake yataonekana kwa wakati wake. Sisi hapa tuna mafunzo yetu wenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu wengi, na hasa vijana, waliikwepa kwa programu za VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na badala yake ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Kijana akitaka kupita atapita. Akinyang'anywa simu ataazima ya mwenzake, na sasa atakuwa na siri mbili badala ya moja.

Liko pia suala la sheria, ambalo ninyi mnaoshika sheria mnapaswa kulipima kwa utulivu. Sheria za jinai tulizorithi kutoka kwa Mwingereza, hapa na kwa jirani zetu, zilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Mabadiliko ya sheria ni kazi ya Bunge na mahakama, wala si kazi ya kaunta ya polisi. Lakini askari wa zamu ana uwezo wa kuchagua hatua ya kwanza: kumpeleka aliyejaribu kujidhuru kwa mganga kabla ya kumwandikia maelezo. Mtoto akijua kwamba kusema "nimechoka kuishi" kwaweza kumfikisha mahabusu, hatalisema kwa mtu aliyevaa sare, hata kama aliyevaa sare hiyo ni baba yake.

Basi mzazi aliye askari afanye nini? La kwanza, aulize, kisha anyamaze asikilize. Kuuliza hakuhitaji likizo. Aliye Mogadishu aweza kumwuliza mwanawe kwa simu ileile inayolaumiwa, na kumwuliza mwenyewe, si kupitia kwa mama. Asianze na alama za mtihani. Aanze na usingizi, chakula na rafiki.

La pili, ajue dalili. Mtoto aliyebadilika kwa wiki mbili au zaidi, akaacha kula au kulala, akawakimbia rafiki, akaanza kugawa vitu alivyovipenda, au akasema kwamba yeye ni mzigo kwa watu, huyo asiachwe peke yake. Na aulizwe wazi kama anafikiri kujiua. Wataalamu wa afya wanasema kwamba swali hilo halimtii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Humfungulia njia ya kusema. Mficha maradhi, kilio humfichua.

La tatu, silaha. Kanuni ya kurudisha bunduki ghalani mnaijua. Mahali penye mtoto mwenye majonzi, kanuni hiyo ni dawa kabla ya dawa. Silaha isilale nyumbani hata usiku mmoja.

La nne, amfundishe mtoto kuwa mlinzi wa lango lake. Mlinzi humwuliza kila ajaye: nani wewe, umetumwa na nani, umebeba nini? Kijana naye aulize hivyo mtandaoni. Je, huyu anayenishauri anajulikana ni nani? Je, ananielekeza kwa mganga au mtu mzima wa karibu, au anataka niwafiche watu wote? Je, ananiomba picha, fedha au siri ya nyumba? Anayesema "usimwambie mtu" ni adui, hata akizungumza kama malaika.

La tano, msaada uliopo utumiwe. Nambari 116, iitwayo Sauti, ni simu ya watoto ya Uganda, na hupigwa bila malipo. Nambari hiyohiyo hutumika kwa watoto Kenya na Tanzania. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika ina huduma ya watoto na vijana. Makamanda, makasisi na maimamu wa vikosi, na kina mama wa kambi, waweza kufanya zaidi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliketi juu ya benchi nje ya zahanati, wakajifunza kumsikiliza mtu mwenye "kuwaza mno", kama wasemavyo Washona. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Benchi kambini tunalo, na chini ya mwembe kivuli kipo. Linalotakiwa ni watu wazima watatu au wanne wenye kufunzwa, wasiotoa siri, ambao kila kijana wa kambi anajua kwamba aweza kuwaendea bila kupita kwa kamanda wala kwa baba. Huyo ndiye ssenga wa kambi ya leo.

Ndugu wasikilizaji, askari hupewa silaha ili mtoto wa mtu mwingine alale salama. Ni jambo la kusikitisha mtoto wake mwenyewe akikesha akimsimulia mgeni maumivu ambayo baba, aliyelala hatua tatu kutoka kwake, hajawahi kuyauliza. Simu itabaki, na mtandao utabaki. Mtoto atakayerudi nyumbani na swali lake ni yule anayejua kwamba huko nyumbani yuko mtu atakayemsikiliza mpaka mwisho. Atakaporudi zamuni usiku wa leo, kila mmoja wenu na amtazame mwanawe, na kesho asubuhi, kabla ya gwaride, amwulize hali yake.

Na hayo ndiyo maoni yetu kwa leo.